Simba wa Kambi ya Chini

Umvikaye ngozi, mwachie pa kutokea.

Ndivyo alivyosema bibi yule barazani leo asubuhi, wazee walipokuwa wakipima adhabu ya kijana aliyeiba mbuzi. Wengi walitaka afukuzwe kijijini, na jina la mwizi limfuate popote aendako. Bibi akasema maneno hayo, akaketi. Nyinyi vijana mlitazamana mkacheka, mkadhani anazungumzia nguo. Sasa mnaniuliza ni ngozi gani, na nani alivikwa. Sogeeni basi. Methali hii haikutungwa na mtu aliyekaa akitafuta maneno mazuri. Ilitoka kwenye msiba, na ilianza hivi.

Huko chini tambarare, reli ipitapo kwenda Tanga, palikuwa na shamba la mkonge lililoitwa Kwemsala. Wafanyakazi walikaa katika kambi mbili, Kambi ya Juu karibu na kiwanda, na Kambi ya Chini karibu na mto. Kila mwaka, mwezi wa pili, kabla masika hayajaanza, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, korona, ilisimamishwa ili ioshwe na kutengenezwa. Siku hizo kazi hazikuwapo, na kambi mbili zilishindana kwa ngoma na maigizo. Mshindi alipewa fahali. Lakini fahali huliwa siku moja akaisha. Kilichobaki mwaka mzima ni maneno. Kambi iliyoshindwa ilichekwa kisimani, ikachekwa dukani, ikachekwa huko mashambani kati ya mistari ya mkonge, mpaka korona isimamishwe tena.

Mavazi ya Kambi ya Chini yalikuwa kazi ya mama mmoja aitwaye Nakijwa. Alikuwa mjane, Mpare wa Gonja aliyeteremka na mumewe kufuata kazi, mume akafa, yeye akabaki na binti mmoja, Mbonea, na cherehani. Siku za kawaida alishona sare za shule na kutia viraka kaptura za wakata mkonge. Ilipokaribia sikukuu ndipo alipokuwa mtu mwingine. Aliweza kuliangalia gunia lililotoboka akaona ndani yake chui. Mwaka wa nzige aliwavika watoto mabawa ya karatasi za mifuko ya saruji, na walipoyapiga kwa pamoja, watu wazima walijikuta wanaangalia juu. Kabla ya kukata kitambaa alikaa nacho kwanza, akakikunja, akakikunjua, akakitazama juani na kivulini, na wakati huo hakuna aliyethubutu kumsemesha.

Mwaka mmoja kabla ya haya ninayowaeleza, Nakijwa alitengeneza simba. Alikuwa simba mzuri, ila alifungwa tumboni kwa vifungo. Katikati ya igizo simba aliruka, kifungo kikakatika, na umati mzima ukaona kaptura ya khaki. Kicheko kilichotoka uwanjani siku ile kilisikika mpaka stesheni. Kambi ya Juu wakachukua fahali. Mwaka mzima, Nakijwa akipita, watoto walimwimbia, "Simba wa kaptura, simba wa kaptura." Alipita kama hasikii. Lakini alisikia kila mara, na maneno yale yalimkaa rohoni kama mwiba wa mkonge, ambao ukiingia hauonekani, unauma tu.

Basi mwaka uliofuata alianza mapema. Alichagua katani ndefu zisizo na doa, akazichemsha kwa manjano na magome ya miti mpaka zikapata rangi ya majani makavu. Shungi la shingoni akalitia masizi ili lionekane jeusi kwenye ncha. Mwili aliutengeneza kwa magunia mawili, moja juu ya jingine, maana gunia moja lilionyesha mabega ya mtu, na simba hana mabega ya mtu. Kichwa alikifinyanga kwa karatasi na uji wa unga, safu juu ya safu, kikakauka kikawa kigumu kama kibuyu. Mwaka wa nyuma kidevu cha mchezaji kilionekana kinywani mwa simba, kwa hiyo safari hii alikijaza kinywa kwa katani. Mchezaji angepumua kwa matundu mawili ya pua.

Mchezaji mwenyewe alikuwa mkwewe, Kiangi, mume wa Mbonea. Alikuwa mkata mkonge, kijana mrefu, mpole wa maneno, na hapakuwa na mtu Kwemsala aliyejua kutembea kisimba kama yeye. Baba yake, Mzee Mrindoko, alikuwa bado anaishi Gonja milimani. Kiangi alilijaribu vazi lile asubuhi moja kivulini, akatembea kidogo, akavua, akasema, "Mama, safari hii watanyamaza." Nakijwa alifurahi sana kusikia hivyo.

Siku ya sikukuu jua lilitoka kali na halikupata wingu. Kiangi alisimama nyuma ya banda la kuhifadhia kamba, amenyoosha mikono, avikwe. Kwa desturi ya kwao mama mkwe hamgusi mkwewe wa kiume, kwa hiyo Nakijwa alikaa pembeni juu ya robota la katani, uso ameugeuza upande, akielekeza. Aliyekuwa akivuta na kubana ni Mbonea, na Mbonea siku hizo alikuwa na mimba iliyokwisha kuwa nzito.

Walipofika tumboni, Kiangi akasema kwa sauti ya chini, "Mama, hapa pa kufungia, naona tungetia kamba. Fundo ningelificha ndani ya manyoya."

"Fundo litaonekana, baba," Nakijwa akajibu. "Mwaka jana tulisema kifungo hakitaonekana."

"Ni kweli. Nilikuwa nawaza tu nikitaka kutoka."

"Utatoka nikikutoa. Mbonea, chukua shazia umshone."

Mbonea aliishika ile sindano kubwa ya magunia, lakini hakuanza. "Mama, jua la leo ni kali."

"Igizo lenyewe fupi. Shona kwa ndani, mwanangu, uzi usionekane."

Kiangi hakusema tena. Angekuwa anazungumza na mkewe peke yake, angebisha. Lakini mama mkwe huambiwa jambo mara moja, na akikataa, mtu mwenye adabu hunyamaza. Mbonea akamshona mumewe kuanzia chini ya kitovu mpaka kooni, kwa uzi wa katani uliopakwa nta, na kila mshono alioupiga aliufunika kwa manyoya. Alipomaliza, Nakijwa aligeuka akatazama. Hata yeye hakuweza kuona ngozi ilipoanzia wala ilipoishia. Moyo wake ukajaa.

Igizo lilikuwa fupi kweli. Kusubiri ndiko kulikokuwa kurefu. Mgeni wa heshima alichelewa, na alipofika akahutubia. Kisha Kambi ya Juu wakatangulia, wakacheza ngoma yao wakairudia, maana watu walitaka irudiwe. Muda wote huo Kiangi alikuwa nyuma ya banda, ndani ya magunia mawili, na kivuli cha banda kilikuwa kimekwisha kuhama. Aliomba maji. Mbonea akaleta kibuyu, lakini kinywa cha simba hakikuwa na njia. Akataka kumwagia maji kichwani.

"Usimmwagie," Nakijwa akasema. "Rangi itachuruzika."

Mbonea akamtazama mama yake, akakiweka kibuyu chini.

Hatimaye zamu yao ikafika. Igizo lilikuwa la simba mla watu anayesumbua kijiji, mpaka mwindaji anamfuata na kumuua. Kiangi aliingia uwanjani kwa miguu minne, kichwa amekiinamisha, akasimama. Umati ulinyamaza kama alivyosema mwenyewe. Mtoto mmoja akalia, mama yake akamfunika kwa kanga. Mzee mmoja wa Kambi ya Juu, ambaye mwaka wa nyuma alicheka mpaka akakaa chini, aliinuka kutoka kwenye benchi akarudi nyuma. Nakijwa aliyaona hayo yote. Alikaa mbele, ukingoni mwa uwanja, mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima ule mwiba haukumuuma.

Simba akaruka, akanguruma, akawakimbiza wanakijiji. Kisha mwendo wake ukabadilika. Akawa anakwenda upande, kama mlevi. Watu wakaona ni ufundi, wakaguna kwa kuridhika. Akauvuka uwanja taratibu mpaka akafika pale alipokaa Nakijwa, akaweka kichwa karibu na magoti yake. Wacheza ngoma wakadhani ameongeza jambo lake mwenyewe. Nakijwa aliona gunia la kifua likipanda na kushuka upesi upesi, na kupitia matundu ya pua akasikia sauti ya mkwewe, ndogo, iliyokauka.

"Mama, nifungue."

Aliisikia vizuri, na baadaye hakuwahi kusema kwamba hakuisikia. Lakini alijua pia kwamba kumfungua kungekuwa kuichana ngozi ile mbele ya umati, na kifua cha mtu kitoke, na kicheko cha mwaka jana kirudi. Na mwindaji alikuwa amekwisha kuingia uwanjani na mkuki wake wa mti. Kilichobaki kilikuwa kidogo sana. Akainama akanong'ona:

"Vumilia kidogo, baba. Wanakuja kukuua sasa hivi."

Simba aligeuka. Alirudi katikati ya uwanja akitambaa.

Mwindaji alikuwa jirani yao, jina lake Senkoro. Alinyatia, akaruka, akaugusisha mkuki ubavuni. Simba akaanguka. Akajipinda, akapiga ardhi kwa kichwa, mguu mmoja wa mbele ukalala umelegea kama hauna kitu ndani, na gunia la tumboni likawa linatikisika kama lina panya. Halafu akajinyoosha, akatulia. Watu walisimama. Walipiga makofi, wakapiga vigelegele, na waliopiga kuliko wote walikuwa Kambi ya Juu. Senkoro akaweka mguu juu ya simba, kama igizo lilivyotaka, akaimba wimbo wa ushindi mpaka mwisho.

Alipomaliza akainama. "Kiangi, inuka, tumemaliza."

Kisha akasema tena, kwa sauti nyingine, "Kiangi."

Mbonea alikuwa wa kwanza kukimbia, na mimba yake ile. Senkoro akavuta kichwa cha simba, lakini kilikuwa kimeshonwa pamoja na shingo. Watu walikuja, wakageuza ngozi huku na huku, wakatafuta pa kuanzia, hawakupaona. Mkuki ulikuwa wa mti. Mapanga yote yalikuwa nyumbani, kwa kuwa ilikuwa sikukuu, na mkasi wa Nakijwa alikuwa ameuacha kwenye cherehani. Mbonea peke yake ndiye aliyejua mshono uko wapi. Akapiga magoti, akapapasa manyoya, akaupata, akaanza kuukata uzi kwa meno. Uzi wa katani haukatiki kwa meno. Mtu mmoja alikimbia kutafuta kisu, akarudi nacho, na walipompasua simba wakamtoa Kiangi. Walimmwagia maji. Walimpepea. Hakuamka.

Nakijwa hakuinuka pale alipokaa. Mshindi alitangazwa siku ile au hakutangazwa, hakuna anayekumbuka.

Maiti ilipelekwa Gonja kwa lori, ikazikwa kwao. Mbonea alikwenda na maiti. Nakijwa alifuata kwa miguu akiwa na wanawake wa kambini, na wakati wote wa matanga alikaa nyuma kabisa, karibu na zizi, akichambua mboga na kuchota maji. Mbonea hakumsemesha, wala yeye hakumwendea.

Siku ya kuanua matanga ukoo ulikaa uani. Mdogo wake Mzee Mrindoko, mtu wa maneno makali, aitwaye Mbwambo, ndiye aliyeuliza.

"Habari za kifo tumezisikia kwa watu wa lori. Tunataka kuzisikia kwa wenye nazo. Nani alimshona mtoto wetu ndani ya gunia?"

Mbonea akasema, "Mimi."

"Kwa mikono yako?"

"Kwa mikono yangu."

Angeweza kuendelea, lakini hakuendelea. Mbwambo akawageukia wenzake. "Mmesikia. Mwanamke amemshona mume wake. Arudi kwao. Akijifungua, mtoto ni wetu, tutampokea. Yeye hatuna haja naye."

Kule nyuma Nakijwa alikuwa na sinia la mchele mapajani. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Njia ya kuteremka tambarare ilikuwa nyuma yake, na kama angekaa kimya, lawama ingemwangukia binti yake na yeye ingempita. Aliliweka sinia chini. Alipita katikati ya wanawake, akasimama mbele ya wanaume, jambo ambalo mama mkwe hafanyi katika ua wa wakwe zake.

"Mikono ilikuwa yake," alisema. "Amri ilikuwa yangu. Yeye alisema jua ni kali, nikamwambia ashone. Marehemu aliomba kamba, nikamkatalia. Aliomba maji, nikakataza asimwagiwe, rangi isiharibike. Na kuna jambo hawa wa lori hawalijui. Alinijia uwanjani akaniambia, mama, nifungue. Nikamwambia avumilie. Nilimsikia, na nikamwambia avumilie, kwa sababu watu walikuwa wanaangalia."

Mbonea aliinua uso. Hilo hata yeye hakuwa akilijua. Alimtazama mama yake kwa muda, kisha akajifunika kanga kichwani.

Makelele yakazuka. Mbwambo alisimama akasema kwamba sasa jambo limekuwa wazi, kwamba mama huyu ni muuaji, na iwe hivyo tangu siku hiyo: aitwe muuaji Gonja na aitwe muuaji Kwemsala, asipewe moto wala maji kwa jirani, asikanyage kaburi, asimwone mjukuu, na binti yake aende naye. Wengi waliitikia. Nakijwa hakujitetea. Alisimama tu, kama mtu aliyenyoosha mikono avikwe.

Mzee Mrindoko alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Alisubiri mpaka kelele zikapungua.

"Nilimwosha mwanangu mwenyewe," alisema. "Mbwambo, wewe ulileta maji, lakini hukutazama. Mimi nilitazama. Kifuani na tumboni alikuwa na mikwaruzo. Ni kucha zake. Aliutoa mkono kwenye ule mguu wa simba akawa anakwaruza kwa ndani. Alikuwa anatafuta pa kutokea, na watu wanapiga makofi."

Akawageukia wote waliokaa uani.

"Sasa mnataka nimchukue mama huyu nimvike ngozi ya muuaji. Nimshone kuanzia chini mpaka kooni, pasibaki tundu. Na nyinyi mkae pembeni mtazame. Naye atakwaruza kwa ndani mpaka afe, na tutasema amestahili, pengine amestahili kweli. Lakini mimi nimekwisha kukiona kifo cha namna hiyo. Sitakishona kingine kwa mkono wangu."

"Kwa hiyo damu ya mwanao umeisamehe?" Mbwambo akauliza.

"Sijasema nimesamehe. Usiniwekee maneno mdomoni. Kosa ni lake, na atalivaa, hakuna atakayemvulia. Ninachosema ni kwamba umvikaye ngozi, mwachie pa kutokea. Mbonea akipenda kubaki hapa, atabaki. Na huyu mama, siku akitaka kuja kulima shamba la marehemu au kumwona mtoto, njia hii asifungiwe. Akiitumia au asipoitumia, ni juu yake."

Mbwambo alichukua fimbo yake akaondoka, na mpaka kufa kwake hakula tena nyumbani kwa kaka yake. Lakini neno la mwenye msiba ndilo lililosimama.

Nakijwa aliteremka Kwemsala, akaiuza cherehani kwa fundi wa stesheni. Hakushona tena, hata kiraka. Msimu wa kulima ulipofika alipanda Gonja na jembe begani, akalima shamba la Kiangi, akashuka. Mwaka uliofuata vilevile, na uliofuata. Mbonea alibaki kwa wakwe zake akamlea mtoto, msichana. Mama yake akija, alimtandikia mkeka, akamnawisha mikono, akamwekea chakula kama anavyowekewa mgeni, kisha akatoka nje mpaka mgeni amalize kula. Msichana alikua akidhani bibi huyu ni mtu wa mbali anayewasaidia kulima. Miaka ikapita hivyo, na sitawadanganya kwamba siku moja walikumbatiana wakalia. Hilo halikutokea. Nakijwa alifia huko huko Gonja, msimu wa kulima, na waliokuwapo wanasema Mbonea aliwatoa wanawake wote chumbani, akamwosha peke yake, akachelewa sana kutoka.

Maneno ya mzee yule yalishuka mlimani na wauza ndizi, yakaenea tambarare, watu wakayatumia hata wasipojua yalikotoka. Yamesemwa mbele ya mahakimu. Yamesemwa na wanawake kwa waume zao, na wazee kwa wazazi waliotaka kumlaani mtoto. Hayamaanishi kwamba asiadhibiwe aliyekosa, wala kwamba mtu asipewe kazi ngumu au jina zito. Ngozi huvaliwa, na nyingine ni lazima zivaliwe. Ila anayeshika sindano ajue kwamba ndani mna mtu anayepumua, na kwamba kutoka nje mshono mzuri hauonyeshi kama aliyemo anacheza au anakufa. Kwa hiyo, wanangu, iwe ni sifa au ni lawama, umvikaye ngozi, mwachie pa kutokea.